Sanaa ya China au ya Japani: uanze na ipi?

Vitabu vingi vya utangulizi huziweka China na Japani ndani ya jalada moja, utadhani ni mapacha. Ni majirani tu. Wamepeana dini, herufi, karatasi, wino na majani ya chai kwa zaidi ya miaka 1,400, lakini kila mmoja alivipika kwenye jiko lake, na kilichopakuliwa hakifanani. Anayeanza na zote mbili kwa mpigo huishia kukariri majina ya enzi na kusahau picha zenyewe. Ni afadhali uchague upande mmoja, ukae nao miezi mitatu minne, halafu uvuke.

Ushauri wetu tuutoe mapema. Kama unataka kujua kwa nini milima inachorwa vile, kwa nini wino mweusi uliheshimiwa kuliko rangi, na kwa nini picha zimejaa mihuri myekundu, anza na China, na ndani ya China anza na enzi ya Song. Kama unataka jicho lizoee haraka, upate picha unazoweza kuziona nzima kwenye kioo cha kompyuta na labda siku moja ununue yako, anza na Japani, kwenye chapa za mbao za enzi ya Edo. Na kama unaishi pwani ya Afrika Mashariki, upo mlango wa tatu, nao ni kauri.

Ukitubana tutoe jibu moja kwa wote, tutasema China. Kutoka China kwenda Japani unafuata mkondo wa maji. Kutoka Japani kwenda China unapiga kasia kuupinga. Lakini aliyechoka kwenye mlima wa tatu asijitese. Ahamie Japani, na ipo siku atarudi mwenyewe kuuliza yale mambo yalianzia wapi.

Enzi zikiwekwa bega kwa bega

| China | Japani wakati huohuo |
|---|---|
| Shang, takriban 1600–1046 KK | Jomon |
| Tang, 618–907 | Asuka, kisha Nara (710–794), kisha mwanzo wa Heian |
| Song, 960–1279 | Heian (794–1185), kisha Kamakura (1185–1333) |
| Yuan, 1271–1368 | Kamakura, kisha mwanzo wa Muromachi |
| Ming, 1368–1644 | Muromachi (1336–1573), Momoyama (1573–1615), mwanzo wa Edo |
| Qing, 1644–1911 | Edo (hadi 1868), kisha Meiji (1868–1912) |

Majina ya China katika jedwali ni ya nasaba zilizotawala. Ya Japani mengi ni majina ya mahali palipokuwa na makao ya utawala: Nara, Kamakura, Edo ambayo leo ni Tokyo, na Muromachi ambao ni mtaa wa Kyoto. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi ya kukariri imekwisha. Jomon siyo jina la mahali. Maana yake ni "alama za kamba", kwa sababu wafinyanzi walikuwa wakikandamiza kamba juu ya udongo mbichi, na vyungu vyao ni miongoni mwa vya kale kabisa duniani.

Usishangae kuona miaka inapishana. Wamongolia walijitangazia nasaba ya Yuan mwaka 1271 wakati Song ya kusini ilikuwa bado inapumua hadi 1279. Edo nayo wengine huihesabu tangu 1603, mwaka familia ya Tokugawa ilipopewa cheo cha shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, na wengine tangu 1615, ngome ya Osaka ilipoanguka. Ukikuta vitabu viwili vinatofautiana hapo, vyote viko sawa.

Mlima mmoja, wimbi moja

Tofauti kubwa ya pande hizi mbili haielezeki kwa nadharia. Fungua picha mbili uziweke sambamba.

Ya kwanza ni *Wasafiri kati ya Milima na Vijito* ya Fan Kuan, iliyochorwa karibu mwaka 1000 kwa wino juu ya hariri, na iko Jumba la Makumbusho la Kitaifa la Taipei. Ina urefu wa sentimita 206.3 na upana wa 103.3, kwa hiyo inamzidi mtu kimo. Anza chini upande wa kulia. Pale pana msafara wa nyumbu wa mizigo na watu wawili, wadogo kiasi kwamba jicho huwapita mara ya kwanza. Panda kidogo: vijito, miti ya majani mapana iliyochorwa jani kwa jani, na mapaa ya hekalu yakichungulia msituni. Halafu ukungu unakata picha, na juu yake mlima mmoja unachukua karibu theluthi mbili za hariri yote. Maporomoko ya maji yanashuka kwenye ufa kama uzi mweupe.

Sasa sogea karibu na uso wa mwamba. Hakuna kivuli cha mwanga wa jua kama cha wachoraji wa Ulaya. Kuna maelfu ya alama ndogo za brashi, ambazo Wachina huziita "matone ya mvua". Kila mchoraji mkubwa ana namna yake ya kuchora ngozi ya jiwe, na kuzitambua namna hizo ndiyo alfabeti ya somo hili. Jambo la pili: mtazamaji hajasimamishwa mahali pamoja. Nyumbu unawaona ukiwa usawa wao, na kilele unakiona ukiwa umeinua shingo. Hilo halikutokana na kutojua kupima umbali. Picha imekusudiwa utembee ndani yake. Na saini ya Fan Kuan imefichwa kwenye majani nyuma ya nyumbu. Haikugunduliwa hadi 1958.

Ya pili ni *Wimbi Kubwa* la Katsushika Hokusai, la karibu 1831, chapa ya mbao kwenye karatasi yenye takriban sentimita 25 kwa 37. Mashua tatu, wavuvi wamejikunja juu ya makasia, na mlima Fuji umekuwa mdogo chini ya kilele cha wimbi. Rangi zimelala bapa ndani ya mistari. Buluu ile ni ya Prussia, rangi ya kiwandani iliyoingia kutoka Ulaya na kushuka bei wakati huohuo. Bila yake mfululizo wa *Mandhari Thelathini na Sita za Mlima Fuji*, ambao kwa kweli una picha 46, usingekuwa na sura ile. Msomaji wa Kijapani husoma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anaingia na mashua na kulipokea wimbi usoni. Ukiitazama kwa mazoea ya kusoma Kiswahili, unaingia mgongoni mwa wimbi na kulifuata. Igeuze picha kama kwenye kioo mara moja, utaona wanachokiona wao.

Fan Kuan anadai muda, na kwenye simu anakufa: mlima unabaki doa la kahawia. Hokusai anashika mara moja, na kwenye kompyuta ya kawaida unamwona karibu kwa ukubwa wake halisi. Picha ya Fan Kuan ni moja duniani. Ya Hokusai ilichapwa kwa maelfu na kuuzwa mtaani kwa bei ya kama bakuli mbili za tambi. Kama huna intaneti ya kutosha kufungua picha kubwa za makumbusho, hiyo pekee ni sababu halali ya kuanza na Japani.

Magombo na mihuri

Picha nyingi za pande zote mbili hazikutengenezwa zitundikwe. Ni magombo ya mkononi, yanayofunguliwa mezani kutoka kulia kwenda kushoto, kiasi cha upana wa mabega kwa wakati, huku mkono wa kulia ukikunja ulichokwisha kuona. Kitabu kinapoipunguza picha yote ikae kwenye kurasa mbili, kinaharibu kazi ya mchoraji. Dawa yake ni rahisi: fungua picha ya gombo kwenye kompyuta, ikuze hadi kimo chake kijaze kioo, kisha isogeze polepole kuanzia mwisho wa kulia. Usikimbie kuona mwisho.

Gombo la Zhang Zeduan la mto wakati wa sikukuu ya Qingming, lililoko Jumba la Makumbusho la Kasri, Beijing, lina kimo cha sentimita 24.8 na urefu wa 528.7. Unatoka mashambani, unafika kwenye daraja la upinde ambapo mashua kubwa inakaribia kugonga huku watu wakipiga kelele na kurusha kamba, halafu unaingia mjini. Ni safari. Magombo ya Japani ya karne ya 12 ya *Hadithi za Genji*, riwaya ya zama za Heian, yana nia nyingine. Mchoraji ameondoa mapaa ya nyumba ili uone ndani kutoka juu, nyuso ni mstari wa jicho na ndoano ya pua, na hisia zote zimepelekwa kwenye mikunjo ya nguo na pembe za kuta. Pale chumba kinapobanwa kwa mistari ya mshazari, jua kuna maumivu. Anayependa watu na visa atapata raha zaidi hapa kuliko kwenye milima ya Song.

Kuhusu mihuri myekundu, wanaoanza huiona kama uchafu. Ni hati ya umiliki. Mfalme Qianlong, aliyetawala 1735 hadi 1796, alipiga mihuri na kuandika mashairi kwenye picha bila huruma, na leo mihuri yake inasaidia kujua kazi ilipitia mikononi mwa nani. Kwa Wachina, maandishi yaliyoongezwa na wamiliki ni sehemu ya picha. Gombo la Huang Gongwang la milima ya Fuchun, la 1350, lilitupwa motoni mwaka 1650 na mmiliki aliyetaka kwenda nalo kaburini. Jamaa yake aliliokoa, likawa vipande viwili. Kifupi kiko Hangzhou na kirefu kiko Taipei, na mwaka 2011 viliwekwa pamoja kwenye maonyesho ya Taipei.

Ukichagua China, basi, ujue unachagua pia kusoma mwandiko. Mwandiko kwa brashi ndio sanaa ya juu kabisa huko. Uchoraji ulikuja kukaa kando yake. Kazi maarufu kuliko zote, *Utangulizi wa Banda la Okidi* ya Wang Xizhi ya mwaka 353, imepotea, na kinachosomwa ni nakala zake. Huna haja ya kujua Kichina. Fuata tu mwendo wa brashi: ilipoingia, ilipokandamizwa, ilipoinuliwa.

Sanamu: hapa Japani inatangulia

Ubudha uliingia Japani kupitia Korea katikati ya karne ya 6. Vitabu vya kale vinataja 538 au 552. Sanamu za shaba za utatu wa Shaka, yaani Budha kwa Kijapani, katika hekalu la Horyu-ji, Nara, zilitengenezwa mwaka 623 na Tori, ambaye babu yake anatajwa kuwa alitoka bara, na sura zao ndefu zenye mikunjo ya nguo iliyopangika zinafuata mtindo wa China ya kaskazini.

Kuna jambo hapa linalowashangaza wengi. Mwaka 845 serikali ya Tang ilifunga maelfu ya mahekalu ya Kibudha na kuyeyusha sanamu za chuma na shaba. Vita vya baadaye vikamaliza karibu majengo yote ya mbao ya enzi hiyo. Matokeo yake, mtu anayetaka kuhisi hekalu la zama za Tang lilivyokuwa hupata mengi zaidi Nara kuliko Xi'an, mji mkuu wa Tang yenyewe. China imebaki na yaliyochongwa kwenye miamba na mapango: Mogao karibu na Dunhuang, yaliyoanza mwaka 366, yana mapango 492 yenye michoro na sanamu.

Wajapani waliendelea na mbao. Mwaka 1053 Jocho alimaliza sanamu ya Budha Amida katika hekalu la Byodo-in, karibu na Kyoto, kwa kuunganisha vipande vingi vya mbao vilivyochimbwa ndani. Kisa ni cha kiufundi: gogo zima likikauka hupasuka, maana nje hukauka kabla ya kiini, vipande vyembamba vilivyo wazi ndani havipasuki kirahisi, na mafundi wengi wanaweza kugawana kazi. Kwa njia hiyo Unkei, Kaikei na wenzao walisimamisha walinzi wawili wa lango la Todai-ji mwaka 1203, kila mmoja akiwa na zaidi ya mita 8, kwa siku 69 tu. Kwa anayependa uchongaji, tusimzungushe: aanze Japani.

Kama unapenda chuma, ni kinyume. Bronzi za Shang hazina mpinzani. Chungu kikubwa cha miguu minne kutoka Anyang kina uzito wa kilo 832, na kilimiminwa kwenye kalibu ya vipande vya udongo vilivyochongwa nakshi ndani. Tafuta sura ya mnyama mwenye macho mawili yanayokutazama. Mara nyingi pua yake iko palepale vipande vya kalibu vilipokutana.

Kauri, mlango wa pwani

Magofu ya Gede na Kilwa yametoa vigae vingi vya kauri ya China, ikiwemo ile ya kijani ya Longquan na ile ya buluu na nyeupe. Makaburi ya mnara ya Mambrui na makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli ya kauri yaliyopachikwa ukutani, na zidaka za nyumba za mawe za Lamu zilikuwa mahali pa kuyapanga. Msomaji wa Mombasa anaweza kuingia makumbusho ya Ngome ya Yesu asubuhi moja na kuona vitu ambavyo mwanafunzi wa kwingine huviona kitabuni. Ukikuta kigae kwenye magofu, kiache kilipo: ni kosa kisheria kukichukua, na kikihamishwa, tabaka la udongo lililokuwa likieleza umri wake limepotea.

Kauri ya buluu na nyeupe ya Jingdezhen hutengenezwa hivi. Udongo mweupe wa kaolini huchanganywa na jiwe la kauri lililosagwa. Chombo kikishafinyangwa na kukauka, huchorwa kwa kobalti kabla hakijaiva, hufunikwa kwa kipako cha kioo, kisha huingia jokoni mara moja tu kwa joto linalokaribia nyuzi 1,300 za Selsiasi. Kwa hiyo buluu iko chini ya kioo, na kidole hakiihisi. Kobalti bora ya enzi ya Yuan ililetwa kutoka Uajemi. Ilikuwa na chuma nyingi, na pale brashi ilipojaa rangi hutokea madoa meusi yaliyozama kidogo. Kipimo cha wataalamu kwa enzi hiyo ni jozi ya vyombo vya maua vilivyoko Makumbusho ya Uingereza, London, vilivyoandikwa tarehe ya 1351.

Mtego mkubwa ni alama ya mfalme chini ya chombo. Mafundi wa enzi ya Kangxi (1661–1722) waliandika bila wasiwasi alama ya Chenghua, aliyetawala 1464 hadi 1487, kwa kuheshimu kazi za zamani. Alama haithibitishi umri. Tazama kwanza ukingo wa kitako pasipo na kipako: rangi ya udongo, jinsi ulivyokatwa, na mchanga ulioganda.

Japani ilianza kutengeneza kauri mapema karne ya 17, huko Arita. China ilipoingia vitani Ming ilipoanguka mwaka 1644, Waholanzi walihamishia oda zao Arita, na bidhaa zikaitwa Imari kwa jina la bandari. Ila kauri siyo roho ya ufinyanzi wa Japani. Roho yake ni bakuli la chai la raku, la zama za Sen no Rikyu, bwana wa sherehe ya chai aliyefariki 1591: linafinyangwa kwa mkono bila gurudumu, linaiva kwa joto dogo kuliko la kauri, na linatolewa jokoni likiwa bado jekundu kwa moto. Limepinda kidogo, na mdomo wake hauko sawa. Weka bakuli hilo kando ya sahani ya Jingdezhen na ujiulize ni lipi mkono wako unalitaka. Hakuna kipimo kizuri zaidi cha kujua uko upande gani.

Ukitaka kushika vifaa

Wiki mbili za kujaribu kwa mkono hufundisha kuliko kitabu, hata kama huna nia ya kuwa mchoraji.

Kwa wino wa China unahitaji vitu vinne: brashi moja ya nywele mchanganyiko, jiwe la wino, kijiti cha wino mkavu na karatasi. Weka nusu kijiko cha chai cha maji kwenye jiwe. Shika kijiti wima, kizungushe taratibu bila kukandamiza kwa dakika 5 hadi 10, mpaka mzunguko wa kijiti uache njia inayoonekana kwa muda mfupi. Ukikandamiza, unapata chembe zinazokwaruza karatasi. Ukikiacha kijiti juu ya jiwe usiku, kitaganda, kwa kuwa wino ni masizi na gundi ya wanyama. Osha jiwe siku hiyohiyo.

Anza na mwanzi. Chora shina kutoka chini kwenda juu, pingili moja kwa mpigo mmoja: kandamiza, vuta, simama, inua. Jani ni kandamiza na kuinua. Karatasi isiyotiwa gundi hunywa wino papo hapo, na brashi ikikawia hata sekunde mbili unapata doa. Wengi hulaumu karatasi. Kosa ni maji mengi. Gusisha brashi kwenye kitambaa kabla ya kila mpigo, au nunua karatasi iliyotiwa gundi nusu kwa mazoezi. Wino wa chupa unafaa kwa kuanzia, lakini mwingine una utomvu unaokausha brashi kama mti, kwa hiyo ioshe mara moja.

Chapa ya mbao ya Japani ina hatua nyingi zaidi na makosa yake ni ya fundi seremala. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wanne: mchapishaji mwenye mtaji, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Mchoro hubandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mcheri, karatasi ikamomonyolewa hadi mistari ionekane, na mchongaji akaondoa kila kisicho mstari. Kisha kila rangi inapata uso wake wa ubao. Kinachozifanya rangi zikutane ni kento: alama mbili zilizochongwa ukingoni, moja ya pembe na moja ya mstari, ambamo karatasi hukaa palepale kila mara. Mbinu ya rangi kamili ilikomaa mwaka 1765 kwenye kazi za Suzuki Harunobu.

Kwa kujaribu, chukua plaiwudi laini, picha ya sentimita 10 kwa 15, ubao mmoja wa mistari na rangi mbili, basi. Lowanisha karatasi usiku wa kuamkia kazi, uziweke kati ya magazeti yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Paka rangi ya maji pamoja na tone la gundi ya mchele, tandaza kwa brashi, laza karatasi, sugua mgongo wake kwa bareni, kile kisahani kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Rangi ikitoka na vitone vyeupe kama ufuta, karatasi imekauka mno au umesugua kwa mkono mwepesi. Ikivuka mstari, maji yamezidi. Rangi ya pili ikikaa pembeni ya mahali pake, angalia kento kwanza, kisha unyevu: karatasi iliyokauka katikati ya kazi husinyaa, na milimita moja inatosha kuharibu.

Wino unahitaji vifaa vichache na uvumilivu wa miaka. Chapa inahitaji vifaa vingi, ila mwisho wa wiki ya pili una kitu cha kutundika.

Ukitaka kununua

Hapa hakuna mashindano: Japani. Picha za kale za China zilizo halisi hazifikiki kwa mtu wa kawaida, na kunakili kazi za mabwana ndiyo njia ya kujifunza huko tangu zamani, kwa hiyo saini ya jina kubwa haina uzito peke yake. Chapa za Japani zipo nyingi, hasa za wasanii wa katikati ya karne ya 19, lakini jihadhari. Kazi za Hokusai na Hiroshige zimechongwa upya mara nyingi katika mbao mpya. Hizo si uongo zikiuzwa kama nakala. Ni uongo zikiuzwa kama za 1831.

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Ukiona vitone vilivyopangika vya mashine, ni bango. Geuza karatasi: kwenye chapa ya mkono rangi imepenya hadi nyuma, na kuna alama za mviringo za bareni. Angalia mistari pia. Mbao huchakaa, na kwenye *Wimbi Kubwa* fremu ya jina iliyo juu kushoto huanza kukatika kwenye chapa za baadaye. Karatasi iliyopunguzwa kingo ili ikae kwenye fremu hupoteza thamani, na iliyotundikwa kwenye mwanga hupoteza rangi; zambarau na nyekundu za mimea ndizo hutangulia kufifia.

Pa kuzionea, na pa kuvukia

Sehemu kubwa ya picha bora za wafalme wa China ilihamishiwa Taiwan mwaka 1948 na 1949, kwa hiyo mkusanyiko mmoja wa kale sasa uko kati ya Beijing na Taipei. Tokyo lina Makumbusho ya Kitaifa katika bustani ya Ueno. Kwa aliye mbali, makumbusho ya Metropolitan ya New York yameachia huru picha za kazi zisizo na hakimiliki tangu 2017, za pande zote mbili, kwa ukubwa wa kutosha kuona uzi wa hariri. Hariri na karatasi huungua kwa mwanga, na kazi nyeti hutolewa ghalani kwa majuma machache tu kisha hurudishwa kupumzika. Usikate tiketi ya ndege kwa ajili ya picha moja kabla ya kusoma ratiba ya maonyesho.

Ukianza China, tumia mwezi kwa Song ya kaskazini, yaani Fan Kuan na *Mwanzo wa Majira ya Kuchipua* ya Guo Xi ya 1072; mwezi kwa Song ya kusini, Ma Yuan na Xia Gui walioacha nusu ya picha kuwa ukungu; na mwezi kwa wasomi wa Yuan. Kabla hujavuka mtafute Muqi, mtawa wa karne ya 13. China haikumthamini sana. Wajapani walizichukua picha zake, na tumbili wake, korongo wake na Guanyin wake, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, wako hadi leo katika hekalu la Daitoku-ji, Kyoto.

Ukianza Japani, nenda kinyumenyume: Hiroshige na Hokusai mwezi wa kwanza, viambaza vya dhahabu vya Sotatsu na Korin mwezi wa pili, halafu Sesshu, mtawa mchoraji aliyekwenda China 1467 na kurudi 1469. Huyo atakukabidhi kwa Song bila kusukumwa.

Njia zote mbili zinakutana kwenye kazi moja: misonobari ya Hasegawa Tohaku, jozi ya viambaza vya kukunja vya mwisho wa karne ya 16, vyenye mikunjo sita kila kimoja, iliyoko Tokyo. Tohaku alikuwa amezisoma picha za Muqi pale Daitoku-ji. Ukiwa mbali unaona miti ikitoka na kuzama kwenye ukungu wa alfajiri. Sogea hatua moja moja. Mahali fulani, kama mita mbili hivi, miti inatoweka, na mbele yako inabaki mikwaruzo ya brashi ngumu iliyopigwa kwa kasi, mingine imekauka wino katikati ya mpigo. Rudi nyuma hatua moja, misonobari imesimama tena.